Njia Zote Zapita kwa Solange

Mume wangu Joël hunyoa miguu mara moja kwa mwaka, Jumamosi ya kuamkia Pentekoste. Hukaa ukingoni mwa bafu na wembe wangu, si wake, akanyoa kuanzia kwenye kifundo hadi juu ya goti, polepole, kama mtu anayemenya kiazi cha mwisho ndani ya nyumba. Nikimuuliza ananyoa kwa ajili ya nani, ananijibu kwamba mwendesha baiskeli akianguka, kidonda kisicho na nywele husafishika upesi. Ana miaka sitini na mitatu na hajaanguka tangu tuoane.

Mimi nina wivu, niliseme mapema ili nisionekane nimejificha. Wivu wangu haukuwa wa kurusha sahani. Ulikuwa wa kukaa jikoni kimya, nakunja taulo ambazo zimeshakunjwa, huku nampigia hesabu mtu kichwani. Na mtu mwenyewe alikuwa Solange Bossard wa shamba la La Renaudière, mjane, mwenye ua mpana na mikono ya kukanda unga.

Joël alizaliwa kilomita sita kutoka hapa tunapoishi, mtoto wa tano kati ya tisa, kwa watu waliolima shamba la mwingine. Alipata baiskeli yake ya kwanza akiwa na miaka kumi na minne, akawa anaenda nayo kila mahali, hata chooni kule nyuma ya banda, ndivyo dada zake wanavyomtania mpaka leo. Alipofika ishirini alishinda mashindano ya sikukuu ya kijiji cha jirani, akapewa paja zima la nguruwe na busu la malkia wa sikukuu. Paja lile wameshalisahau wote. Busu analikumbuka yeye, na mimi.

Kisha akaajiriwa kuendesha lori la maziwa. Kwa miaka thelathini na minne alipita shamba hadi shamba kuvuta maziwa kwenye matangi, katika vijia hivi vyetu vyembamba vilivyofunikwa na miti ya uzio pande zote mbili, ambamo magari mawili yakikutana lazima moja lirudi kinyumenyume. Hakuna kona asiyoijua. Anajua wapi maji hutuama, wapi trekta humwaga matope, mbwa wa nani ana meno na wa nani ana kelele tu. Shamba la mwisho katika mzunguko wake, saa nne kasoro asubuhi, lilikuwa La Renaudière. Pale alikuwa anapewa kahawa. Nilikuwa nalijua hilo kwa sababu aliporudi nyumbani hakutaka ya kwangu.

Chama cha baiskeli cha kijiji chetu, La Chapelle-aux-Ronces, kilipoanzisha safari ya Jumapili ya Pentekoste, nani mwingine angechora njia? Wakampa Joël. Kila mwaka inatakiwa njia mpya, moja fupi ya wazee na familia, nyingine ndefu ya wenye mapafu, na zote mbili ziwe na kituo kimoja cha kula. Ramani tumeibandika ukutani jikoni, kando ya jokofu. Kuanzia Februari mume wangu huisimamia kila jioni na penseli. Huanza kwa kuupeleka msafara magharibi, uso kwa uso na upepo wa baharini wakati miguu bado ina nguvu, halafu anawarudisha upepo ukiwa mgongoni, na watu hufika nyumbani wakidhani ni hodari. Hukwepa barabara zilizomwagiwa kokoto mpya. Hukwepa mbwa. Aliwahi kuzungusha njia nzima kwa sababu kuna mama alikuwa amejifungua karibu na barabara na hakutaka kelele za kengele zimwamshe mtoto.

Mtu mwenye moyo wa namna hiyo, na bado kila mwaka, achore kwenda kaskazini au achore kwenda kusini, ile penseli lazima ipite kwa Solange. Miaka ishirini na miwili mfululizo. Nilikuwa naifuata kwa kidole akiwa ameenda kulala kidogo baada ya chakula cha mchana, na kidole kinaishia uani kwake kila mara. Kwenye karatasi ya chama wanaandika kabisa: Kituo cha chakula, kwa Solange. Hawaandiki La Renaudière, wanaandika kwa Solange, kama vile ni kwa mama yao mzazi. Nyumba yetu ya Bel-Air iko kilomita mbili tu kutoka kwake, na miaka yote hiyo ishirini na miwili haijapitiwa na gurudumu moja.

Mtu wa mbali atashangaa nini cha kuumiza roho hapo. Huku kwetu, kupokea kituo cha Pentekoste ni jambo. Watu mia na themanini wanakula brioche yako, ule mkate mtamu wa mayai na siagi, na kuanzia hapo mwaka mzima wanawake wa kijiji wanasema brioche ya fulani ilivyochambuka nyuzi. Nimesikia sifa za brioche ya Solange sokoni, nimezisikia kwenye foleni ya mkate, nimezisikia msibani, jeneza likiwa mbele yetu.

Dada yangu Maryvonne ndiye pekee niliyemfungulia moyo, na yeye akaufanya mchezo.

"Wewe nawe, Ghislaine. Mwanaume gani anaenda kwa hawara na watu mia na themanini nyuma?"

"Mwenye akili," nikamwambia. "Nani atamshuku?"

"Basi muulize."

"Nimuulize nini?"

"Muulize kituo kwa nini kisiwe kwako. Mdomo unao."

Sikuuliza. Mtu aombe kwa mume wake mwenyewe apitiwe mlangoni? Nilichofanya ni kupitisha maneno kwa mbali. Jioni moja ya Machi, yeye yuko kwenye ramani, nikasema, "Uani kwetu siku hizi pana nafasi sana, tangu uvunje lile banda la kuku." Akageuka akanitazama muda mrefu kidogo. Akasema, "Ni kweli, pana nafasi." Halafu akarudi kwenye penseli yake, na penseli ikaenda La Renaudière. Usiniulize usiku huo nililala upande gani.

Ndipo nikala njama.

Njia zetu huonyeshwa kwa mishale inayochorwa kwenye lami. Rangi ya kudumu imekatazwa, kwa hiyo Joël na mwenyekiti wa chama, Gaby Grolleau, hukoroga chokaa na maji kwenye ndoo. Njia ndefu wanaichora kwa chokaa nyeupe, na ile fupi wanaichora kwa chokaa iliyotiwa buluu ya kufulia. Jumamosi nzima wanapita na gari la Gaby, mmoja anaendesha, mwingine anashuka kila njia panda na brashi. Hata siku hizi ambazo watu wana vifaa vya kuonyesha njia kwenye usukani, wa hapa wanaamini mshale wa Joël kuliko setilaiti.

Ijumaa na Jumamosi nilishinda kwa Maryvonne na oveni yake. Nilimwambia Joël namsaidia dada kusafisha dari. Tukaoka brioche kumi na nne. Maryvonne alikanda huku anacheka mpaka machozi yakaingia kwenye unga, lakini alikanda.

Jumapili Joël alitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwenda kuandikisha watu. Kabla kelele ya mnyororo wake haijapotea kwenye kona, nilikuwa nimeshapakia garini ndoo ya chokaa yenye buluu, brashi na mafuta ya kusugulia mgongo wangu. Nikaenda njia panda ya msalaba wa mawe. Pale ndipo kijia cha La Renaudière kinapokwenda kushoto na chetu kulia. Nikaukuta mshale wa buluu, umenyooka, una kichwa kizuri, mkono wa mume wangu kabisa, unaelekea kushoto. Nikapiga magoti nikausugua. Ng'ombe kumi na wawili wa jirani walikuja wote kwenye uzio kunitazama, na mimi nikawatazama, tukaelewana. Nikachora wangu kuelekea kulia, na mingine miwili hadi getini kwetu. Haikunyooka sana, lakini haki yangu ilikuwa ndani yake.

Saa tatu na dakika ishirini wakaanza kuingia. Mbele alikuwa kijana wa mjini mwenye kifaa usukanini, anabishana na Gaby.

"Hiki kinasema tulipaswa kwenda kushoto, mzee."

"Na mshale umesema kulia. Joël atakuwa amebadilisha njia. Hicho kifaa chako kimewahi kukamua ng'ombe?"

"Hapana."

"Basi nyamaza ule."

Waliingia wengi: wazee wenye magoti mabovu, mabibi waliovaa kofia ngumu za kuazima, mume na mke kwenye baiskeli moja ya watu wawili, ambao walikuwa hawasemeshani tangu kilomita ya kumi. Nikawamiminia kahawa. Nikawakatia brioche, nikawatolea mkate wa vitunguu saumu ukiwa moto na nyama ya nguruwe ya kupaka. Walikula kama waliotoka jela. Mama mmoja alivuta kipande chake kikachambuka nyuzi ndefu, akafumba macho. Nilijaa furaha hadi hapa shingoni. Ila kila baiskeli ikiingia naangalia miguu, natafuta ile iliyonyolewa jana kwa wembe wangu, na haiji.

Saa nne kasoro nikamvuta Gaby pembeni. "Wa njia ndefu mbona hawafiki?"

"Kufika wapi?"

"Hapa. Joël na wenzake."

Gaby akanitazama, akautazama ua, akazitazama zile meza. Nadhani ndipo alipong'amua. "Shemeji, wale hawapiti msalabani. Wanazunguka mlima wa kinu, wanaingia kwa Solange kwa nyuma. Miaka yote ni hivyo. Hukujua?"

Ningejuaje? Sijawahi kupanda baiskeli. Njia nilikuwa naijua kwa kidole tu, na kidole changu siku zote kilikuwa kinafuata mstari wa njia fupi. Nikashika ukingo wa meza. Nilikuwa nimemwondolea Solange watu mia moja, nikamwachia mume wangu. Nilimwona kabisa, ameketi pale uani palipobaki nusu peupe, hakuna kelele za mabibi, wana nafasi ya kuzungumza hadi mchana. Na kazi hiyo niliifanya kwa magoti yangu mwenyewe.

Bado nimeshika meza, gari dogo la shambani likaingia getini. Akashuka Solange. Alishuka kwa awamu, kwanza fimbo, halafu mguu, halafu akapumzika, halafu mguu wa pili. Nilikuwa sijamwona kwa karibu tangu kumzika mumewe. Mwanamke niliyekuwa nagombana naye kila siku kichwani alikuwa na nyonga nzuri. Huyu alikuwa na nyonga inayomuuma.

Akasimama akautazama umati, na mimi nikajiandaa kwa vita.

"Ghislaine," akasema, "umewachukua wewe?"

"Nimewachukua."

"Asante mama." Akavuta kiti akakaa kwa kishindo. "Hebu nipe kahawa. Tangu Alhamisi nimesimama kwenye unga, miguu siisikii. Kila mwaka namwambia yule mumeo, Joël, nimechoka, safari hii wapeleke kwa mkeo. Ananiambia haiwezekani. Namuuliza kwa nini haiwezekani. Ananijibu, Ghislaine hapendi watu nyumbani kwake."

"Mimi?"

"Wewe. Anasema ulikataza."

"Mimi nilikataza lini?"

Solange akamgeukia Gaby. Gaby alikuwa ameinamia kamba za viatu vyake, na viatu vyake havikuwa na kamba.

Hapo ndipo ikanirudia, yote, kama mtu aliyefunguliwa dirisha usoni. Safari ya kwanza kabisa ya chama ilipita kwetu. Watu thelathini tu. Walikanyaga vitunguu vyangu, wakaegemeza baiskeli kwenye madirisha niliyoyapaka rangi wiki ileile. Brioche yangu haikuumuka mwaka ule, ilikuwa ngumu, na Gaby akainua kipande mbele ya wote akauliza kama kinauzwa kiwe mpira wa breki. Walicheka sana. Joël naye alicheka. Kicheko hicho nilikiweka moyoni miaka yote hiyo, nilikuwa nakijua mpaka sauti yake. Nilichojibu mimi nilikuwa nimekisahau kabisa. Nilisema, mbele ya watu wote thelathini: "Joël, hawa watu wako wasikanyage hapa tena. Na wewe ukiwa na nguo hizo za kubana, kaa nao hukohuko."

"Nilikuwa na hasira," nikamwambia Solange. "Ni maneno ya hasira."

"Mwambie yeye, mwenzangu. Mimi nimekanda miaka ishirini na miwili kwa hasira yako." Akauma kipande cha brioche yangu, akatafuna, akatafakari. "Umezidisha maji ya maua ya mchungwa kidogo," akasema. Sikumkasirikia. Kwa kweli nilikasirika, ila kidogo.

Joël akafika. Kumbe huko La Renaudière alipoona wa njia fupi hawatokei hata mmoja, alidhani kuna ajali, akaacha kahawa yake mezani na kurudi njia nzima kinyume, anachungulia mitaro pande zote mbili. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Alipopita msalabani aliuona mwandiko usio wake, akaufuata. Sasa alikuwa amesimama getini, mguu mmoja chini, mmoja bado kwenye pedeli. Aliwaona watu wake mia moja wanakula. Alimwona Solange amekaa. Kisha akanitazama mimi, nikiwa na buluu mpaka kwenye viwiko.

Nilisubiri apige kelele. Kuharibu mshale ni kosa kubwa kwenye chama, kuna mtu wa kijiji cha pili alifukuzwa kwa hilo. Hata wale wa baiskeli ya watu wawili waliacha kununiana ili wasikie.

"Nani ameumia?" akauliza.

"Hakuna."

Akashusha pumzi. Lakini hakusogea. Alibaki palepale kwenye mstari wa geti, na tairi la mbele halikuvuka.

"Naruhusiwa kuingia?" akasema.

Aliuliza kwa upole, hakuwa ananifanyia kejeli. Ni nyumba yake, geti alilichomelea yeye. Nikampungia ule mkono wa buluu. Akashuka, akaikokota baiskeli kwa uangalifu mkubwa kando ya ukuta asiguse vitunguu.

Kiasi cha saa nane mchana watu walikuwa wameshaondoka. Gaby aliosha vikombe vyote peke yake bila kuambiwa. Solange tulimpakilia brioche mbili akaondoka, na alipopanda gari nilimshika mkono, kwa sababu ya nyonga. Nikabaki na Joël mezani, bado amevaa zile nguo za kubana, anakusanya makombo kwa kidole. Nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka humtoka swali.

"Ulimpenda?"

Hakuuliza nani. Alifikiria kwa namna yake ile ya mbele ya ramani, bila haraka, anatafuta njia isiyo na mbwa.

"Nilipenda nikifika mtu atoke nje," akasema. "Basi. Anasikia breki, anatoka nje, anasema, umefika."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ndiyo, na nilikuwa nimejiandaa kwa hapana. Zote mbili ningejua pa kuzipeleka. Hili sikujua. Miaka thelathini na minne ya lori na ishirini na mitatu ya baiskeli, amerudi nyumbani mara ngapi, na mimi nasikia breki, nami niko jikoni nakunja taulo.

Wivu haujaisha. Ungeniuliza leo, ningekuambia namwonea Solange wivu zaidi kuliko zamani, kwa sababu sasa najua alichokuwa nacho, na hakuniibia. Jumanne iliyofuata Joël alikwenda mjini na baiskeli kununua mbegu. Kwenye saa tano hivi nikazisikia breki kwenye kona. Nikaacha nilichokuwa nashika, nikatoka, nikasimama kwenye ngazi nikajiona mjinga kabisa, mwanamke mzima, sijui mikono niiweke wapi.

"Umefika," nikasema.

Akageuka nyuma kuangalia ninazungumza na nani.